Harusi Ina Daftari, Ndoa Haina

Jioni ya Jumapili, miezi ya mwisho wa mwaka, ingia baa yoyote kubwa ya Moshi mjini, iwe Majengo au Soweto, hutakosa kikao cha kamati ya harusi. Meza tatu zimeunganishwa. Mwenyekiti kaegemea ukuta, katibu ana kalamu, na mhazini kafungua daftari lenye safu tatu: jina, ahadi, kilichotolewa. Wanajadili ukumbi, mapambo, mshereheshaji, mpiga picha, na bila shaka ndafu, maana sherehe ya mlimani bila mbuzi mzima aliyechomwa na kutiwa majani mdomoni huonekana kama sherehe ya watu wa kwingine. Aliyeahidi laki mbili akatoa elfu hamsini hupigiwa simu pale pale, kwa heshima lakini mbele ya watu. Kikao kijacho kitafunguliwa kwa mapato na matumizi, na mhazini asiyeeleweka atabanwa. Mambo hayo huendelea miezi mitatu, minne. Bwana harusi mara nyingi yupo pembeni anatabasamu. Bibi harusi ana kamati yake ya sendofu mahali pengine. Naanza na daftari hilo, ndugu wazazi, walimu na vijana, kwa sababu ni ushahidi juu yetu wenyewe. Linaonyesha kwamba watu wa huku tunajua kuketi, kuulizana habari za fedha bila kutukanana, kudaiana kwa adabu na kuandika tulichokubaliana. Ustadi upo. Tumeumaliza wote kwenye shughuli ya siku moja, kisha Jumatatu wawili wale wanaingia nyumba ya kupanga wakiwa hawajawahi kuambiana nani anapata kiasi gani na nani anadaiwa na nani.

Ninachokitetea leo ni hiki: kuishi na mwenzi ni ufundi, na ufundi haushikwi kwa kuambiwa bali kwa kurudiarudia. Umri wa kurudiarudia ni ule wa kuanzia darasa la saba hadi miaka ya ishirini na kidogo, wakati hakuna mchumba, hakuna posa, wala hakuna uso wa mtu wa kuuchunga. Sisi tumeusogeza ufundi huo hadi wiki za mwisho. Mafundisho ya ndoa kanisani huwakuta wawili kadi zikiwa zimekwisha kuchapwa; na matangazo yakianza kusomwa, nani atathubutu kusema ngojeni kwanza, hatujaelewana juu ya madeni? Kicheni pati humkusanya binti na mashangazi na sufuria na usia, na usia wenyewe ukiukamua linabaki tone moja: vumilia. Kijana wa kiume hata tone hilo hapewi; yeye hupewa utani. Sheria nayo imekaa vivyo hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, basi. Anayetaka talaka, kwa upande mwingine, kifungu cha 101 kinamtaka, ukiacha hali chache, apeleke kwanza mgogoro wake kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na mahakama itataka kuona baraza limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yaani sheria inawalazimisha watu wawili kuketi na kuzungumza wakiwa mlangoni wanatoka. Kwenye mlango wa kuingilia hakuna aliyekaa.

Na wakiingia, wanagombana nini? Hapa hatuna haja ya kubahatisha. Mwaka 2002 na 2003 watafiti waliwahoji wanawake 1,444 wa Moshi mjini, wenye umri wa miaka 20 hadi 44, na matokeo yakachapishwa 2005. Asilimia 21, mmoja kati ya watano, alikuwa amefanyiwa ukatili na mume au mwenzi katika miezi 12 iliyotangulia. Watafiti walitafuta ni mambo gani yanaandamana na ukatili huo, wakayakuta: shida ya kupata mimba, au watoto watano na zaidi, mwenzi mwenye wapenzi wengine, elimu isiyovuka shule ya msingi. Lakini lililoyapita yote kwa uzito ni mwenzi kuchangia kidogo matumizi ya mama na watoto, ambalo liliandamana na ukatili kwa uwiano wa zaidi ya mara tatu. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kipi kimezaa kipi. Huenda mwanamume yule yule aliye mkali ndiye pia mchoyo. Hata hivyo unatuonyesha moshi unatokea wapi. Sisi tukizungumzia ndoa zinazovunjika hukimbilia mitandao, mavazi ya mabinti na mama mkwe. Majibu ya wanawake wa mji huu, walipoulizwa mmoja mmoja, yalielekeza kidole kwenye pesa ya matumizi.

Hilo lina historia yake hapa mlimani. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao 1925, na 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Kwa miongo mingi baada ya hapo kihamba, shamba la familia, kilikuwa na pochi mbili zisizosemeshana. Kahawa ilikuwa ya baba, na malipo ya msimu yalipokuja yalikuwa ya baba: ada, bati, ng'ombe, na mbege yake. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, vikaenda sokoni kichwani kwake, vikarudi chumvi, mafuta na dagaa. Kwa hiyo nasema, na hapa nawaomba mnifuatilie, kwamba babu na bibi hawakuzungumza fedha kwa sababu shamba lilikuwa limekwisha kuwasemea. Kisha 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia mgawo wa kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka, na pochi ya baba ikasinyaa wakati ya mama, ya genge na mitumba na maziwa, inaendelea kuvuta pumzi. Kihamba kilikuwa kimekwisha gawanywa hadi hakigawanyiki tena, vijana wakatawanyika Arusha na Dar es Salaam, ambako mwenye duka wa mtaani huitwa Mangi hata kama ukoo wake haujawahi kutoa mangi, yaani chifu. Nyumba nyingi zikawa nyumba za simu na za kukutana Desemba. Mpango uliokuwa ukitusemea umekufa, na mazungumzo yaliyopaswa kushika nafasi yake hakuna aliyefundishwa kuyaendesha. Kijana wa leo wa Rombo au Kibosho si mwenye tabia mbaya kuliko babu yake. Ameachiwa kazi ambayo babu yake hakuwa nayo.

Atasimama mzee aniambie: sisi hatukuwa na semina, na ndoa zetu zilidumu. Kweli, semina hawakuwa nazo, walikuwa na kubwa kuliko semina. Kabla misheni na utawala wa kikoloni havijauzima mfumo wa mafunzo ya rika, wavulana walipitia ngasi, kambi yao ya msituni, na wasichana walikuwa na mafunzo yao. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig aliyefika Kilimanjaro 1902 na kuondoka kabisa 1938, alijaza mabuku matatu kwa mafundisho hayo peke yake, yakachapwa kati ya 1932 na 1938. Mwalimu alishika mregho, fimbo iliyochongwa alama, kila alama na fundisho lake la kuimbwa, na vijana wakalirudia hadi likakaa. Walifundishwa wakiwa rika moja, na mtu ambaye si baba yao, kabla hawajajenga nyumba. Katika hayo wazee walitushinda. Lakini tusiupambe mfumo ule kupita kiasi. Uliandamana na ukeketaji, ambao sheria ya 1998 imeufanya kosa kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Na wanaume walitoka huko wakidai kwamba wamezibwa, kwamba mwanamume kamili haendi haja kubwa tena kama wanawake na watoto. Wanawake walijua vizuri sana, ila walifundishwa kwenye mafunzo yao kujifanya hawajui. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore aliiandikia siri hiyo makala nzima 1976. Mtacheka, nami nacheka. Kisha fikirini nyumba ambayo baba hasemi mshahara wake, mama kashauona kwenye simu iliyoachwa mezani ikichajiwa, na wote wawili wanaendelea kula ugali kama kwamba hakuna anayejua. Fimbo ya mregho tumeitupa, ile siri tumebaki nayo.

Kuna kimoja cha kale ambacho hakikutupwa, nacho ni sale. Mmea huo uko kwenye mipaka ya vihamba kuanzia Machame hadi Mwika. Majani yake marefu ndiyo yanayosema hapa ni kwako, pale ni kwangu. Na jani hilo hilo likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea huwa ni ombi la radhi, ombi ambalo kulikataa lilikuwa jambo zito mno. Huwa nalirudia sale kwa sababu linakanusha dhana kwamba kuomba msamaha ni suala la moyo tu. Lilikuwa na umbo, na umbo hujifunzwa: unakwenda mwenyewe au na mtu wa kukusindikiza, unataja kosa, unangoja. Mtoto aliyewaona wakubwa wakipeleka sale alijua kwamba mtu mzima hukosea na hukiri na bado anabaki mtu mzima. Leo mtoto wetu humwona baba aliyekosea akija na soda na mkate jioni bila kusema neno. Hajafundishwa ubaya, hajafundishwa kitu. Nakubali kwamba jani likiletwa na wazee linaweza pia kutumika kumrudisha mke mahali anapopigwa, na nitalifikia hilo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wanaopenda takwimu: mafundisho haya yamejaribiwa, hayafanyi kazi. Wana hoja. Marekani, serikali ilitumia fedha nyingi kuwafundisha stadi za mahusiano wazazi vijana wasiooana. Mpango wa Building Strong Families ulipimwa kwa zaidi ya jozi 5,000 za wazazi, na ripoti za 2010 na 2012 zilisema kwamba kwa jumla haukuboresha mahusiano wala kuwafanya wakae pamoja zaidi. Wengi hawakuhudhuria vikao vya kutosha, na waliohudhuria walirudi kwenye kodi na kazi zilezile. Sasa sogeeni karibu na kwetu. Rwanda, mpango wa Indashyikirwa uliwachukua wanandoa waliokuwa tayari kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, ukawafundisha vikao 21, na ulipopimwa baada ya miaka miwili ukatili wa mwili na wa kingono ulikuwa umeshuka sana. Mwanza, utafiti wa MAISHA uliochapishwa 2019 uliwapa vikao 10 wanawake wa vikundi vya mikopo midogo, na ukatili wa mwili ukapungua; mafunzo yale yale yalipopelekwa kwa wanawake wasio kwenye vikundi vya mikopo, tofauti kama ile haikuonekana wazi. Kwa vijana wasio kwenye ndoa, tuna mpango wa Stepping Stones wa Eastern Cape, Afrika Kusini, uliopimwa katika vijiji 70 kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 26 na kuchapishwa 2008: wavulana waliosema wamewatendea wenzi wao ukatili walikuwa wachache zaidi miaka miwili baadaye, ingawa kwa wasichana mabadiliko ya namna hiyo hayakuonekana. Ninachokisoma humo ni kwamba mafunzo yanayomdondokea mtu peke yake hupotea, na yanayoingia mahali ambapo watu tayari hukutana, hujuana na, katika visa viwili kati ya vitatu, wana daftari, yana nafasi ya kushika. Sitadai zaidi ya hapo. Ila nasema Moshi ina vikoba, kwaya, madarasa ya kipaimara na madrasa.

Wengine wanaogopa kwamba kumzungumzia ndoa kijana wa miaka 15 ni kumchochea. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama ningeleta habari za kitandani. Nazungumzia hesabu, radhi na namna ya kupinga jambo bila kumdhalilisha unayempinga. Tena Mahakama ya Rufani, tarehe 23 Oktoba 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilikubali kwamba vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Miaka iliyokuwa ikiibwa na posa za mapema ni ya kujifunza. Kuiacha tupu ni kuwaachia walimu wengine, na walimu hao ni tamthilia za jioni na simu zilizo mikononi mwao.

Basi somo lenyewe likoje? Chukueni Jumamosi moja ya darasa la kipaimara, au saa moja ya klabu ya shule. Wavulana na wasichana wanakaa wawili wawili, na kila wawili wana karatasi moja na nyumba moja ya kubuni. Baba anaendesha bodaboda si yake. Hesabu ya tajiri ni elfu nane kwa siku, na siku za mvua hesabu haipungui. Mama ana genge. Kodi ni kila mwezi, mtoto anadaiwa mchango wa chakula shuleni, mama mkwe amepiga simu kutoka Marangu dawa zimekwisha, na Desemba inakuja na nauli zake na mbuzi wake. Fedha haitoshi, na imewekwa isitoshe kwa makusudi. Wana dakika arobaini. Mwalimu hasahihishi hesabu; anatazama watu. Yupi anamkatiza mwenzake kila mara? Yupi ananyamaza hadi mwenzake ameamua peke yake kisha anakuja kulalamika? Yupi ameficha elfu kumi ya kubuni kwenye mchezo ambao hakuna shilingi ya kweli? (Wapo, na mara nyingi ni wale wapole.) Juma linalofuata wanabadilishana, mvulana anakuwa mama wa genge. Juma la tatu mmoja kakopa bila kumwambia mwenzake, naye anapaswa kwenda kusema, kutaja kosa na kungoja, bila kuongeza neno "lakini". Mtaona lilivyo gumu. Nasisitiza wavulana wawepo na wasome yale yale, kwa sababu desturi yetu imemwandaa mmoja peke yake kwa safari ya wawili, kisha tukashangaa jahazi linazunguka mahali pamoja.

Umaskini, nitaambiwa, haumalizwi na karatasi. Haumalizwi. Kijana asiye na ardhi wala kazi hapati ekari kwa kujua kuzungumza. Lakini mwanamume mwenye elfu nne anayesema "leo ni nne" na yule mwenye elfu nne anayezima simu hadi saa sita usiku hawana nyumba moja, ingawa pochi zao ni sawa.

Nimeahidi kurudi kwenye lile jani la sale linaloweza kumrudisha mke mahali anapopigwa. Wapo wanawake wanaosikia maneno "stadi za mahusiano" wakahofu, na wana haki, kwamba ni vumilia ile ile katika kanga mpya: ukijua kuzungumza vizuri hutapigwa. Takwimu za taifa za 2015-16 zilionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kuwa mume ana sababu ya kumpiga mkewe angalau katika hali moja kati ya zilizotajwa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Maana yake ni kwamba huenda wengi wa wasichana wanaoketi darasani wamekwisha kulihalalisha kofi kabla halijawafikia. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa, kabla ya karatasi na nyumba ya kubuni, ni kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa, kinachosema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo. Kimekuwapo tangu 1971. Kisomwe kwa sauti mbele ya wavulana na wasichana pamoja, na mwalimu aeleze dawati la jinsia la polisi liko wapi. Ujuzi wa kuondoka ni sehemu ya ufundi ninaouzungumzia, na binti anayejua kwamba anaweza kuondoka huzungumza tofauti akiamua kubaki.

Limebaki swali la nani afundishe, na hapa ndipo wachungaji na walimu huniangalia kwa wasiwasi, kwa sababu nao nyumbani kwao hawana daftari. Simtafuti mwenye ndoa ya mfano. Tukimsubiri huyo tutazeeka. Namtaka yule mhazini wa kamati. Amekwisha kudai watu wazima fedha bila kugombana nao. Amesoma mapato mbele ya wajomba wenye hasira, amekiri pale alipokosea hesabu ya vinywaji, na ameandika kila kitu kwa wino. Wengi wenu mmeketi humu na mna madaftari ya harusi za miaka mitano iliyopita yamelala kabatini. Jumamosi ijayo mlete moja darasani, lililochakaa, lenye majina yamefutwa, na muwaonyeshe watoto ukurasa ule ambao fedha ilipungua na kamati ikabaki ikizungumza.